Kabla hujanunua telekonveta

Swahiba wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Morogoro. Sisi huku Arusha tu wazima, baridi tu ndiyo imetukaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha ya mdiria wa Mikumi nimeitazama sana. Naelewa unavyoumia: ndege umemvizia saa nzima, halafu kwenye picha anatokea kama punje ya mtama.

Lakini nakuomba, hiyo telekonveta ya mara mbili, kile kidude cha kuweka kati ya kamera na lenzi ili ivute mara mbili zaidi, usiinunue. Najua bei yake inavutia, na kuigeuza lenzi ya milimita 300 iwe 600 ni hesabu tamu. Shida ni mwanga. Kidude hicho kinakula stopu mbili, yaani kinabakiza robo tu ya mwanga, kwa hiyo lenzi yako ya 70-300, ambayo ukiivuta hadi mwisho ni f/5.6, itakuwa f/11; namba ya f ikipanda, mwanga unapungua. Kamera yako, D7200, imeundwa kufokasi yenyewe hadi f/8. Ukipita hapo lenzi inahangaika mbele na nyuma, ndege keshaondoka. Na ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kufidia giza, picha inajaa chenga.

Mimi ningekuwa wewe ningedunduliza ninunue lenzi ya Nikon 200-500 iliyotumika, kama yangu. Inabaki f/5.6 hadi 500, na kwa kihisio kidogo cha kamera yako utaona kama mtu mwenye 750 kwenye kamera ya fremu kamili, ile yenye kihisio kikubwa. Sigma 150-600, ile nyepesi, nayo ni lenzi nzuri; haifiki kilo mbili, wakati ya Nikon ina kilo 2.3. Ila ukiivuta hadi mwisho inashuka f/6.3, na alfajiri sitaki kupoteza mwanga hata chembe.

Alfajiri naitaja makusudi. Mwaka jana niliteremka kreta ya Ngorongoro na hiyo 500 yangu. Saa sita mchana tukamwona faru na ndama wake, mbali, na kule gari haliruhusiwi kuacha barabara. Nilipiga picha zaidi ya mia. Nyumbani nilipozikuza, hakuna hata moja iliyotulia: pembe imepinda, miguu inacheza kama kitu kilicho chini ya maji. Moyo ulinilipuka, nikajua lenzi imekufa. Kumbe ni joto lililokuwa likipanda kutoka ardhini. Lenzi ndefu humvuta mnyama pamoja na hewa yote iliyo kati yenu. Siku ileile asubuhi, umande haujakauka, nilikuwa nimempiga nyati, na mikwaruzo ya pembe zake inaonekana mmoja mmoja. Lenzi ni ileile.

Kwa hiyo hata ukiwa na 500, mdiria wako mfuate mapema, na umsogelee kadiri atakavyokuruhusu.

Ukipata muuzaji, usitoe pesa kabla hujawasha tochi na kumulika ndani ya kioo kutoka upande wa nyuma. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, achana nayo. Mimi niliwahi kuuziwa moja ya namna hiyo na mtu niliyemwamini, bado inaniuma. Kisha ivute hadi 500, iache f/5.6, upige bango lenye maandishi lililo ng'ambo ya barabara, halafu uzikuze herufi za katikati na za pembeni.

Stendi ya kamera usiinunue sasa, ndani ya gari haina nafasi. Shona mfuko wa turubai, ujaze maharage nusu, uulaze kwenye dirisha, lenzi ikae juu yake. Mwambie dereva azime injini. Shata, yaani kasi ya kupiga, anza na 1/1000 ya sekunde; ndege akiruka, pandisha. Na unapotembea ishike lenzi yenyewe kwenye mguu wake wa kufungia stendi, usiiache ining'inie kwenye kamera.

Nitakuja huko Desemba kwa shemeji. Nitakuja na yangu, twende nayo Mikumi siku mbili uisikie uzito wake mkononi kabla hujatoa hela. Pesa yako itulize mpaka nifike.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Swahiba wa Arusha