Rouladen za Jumapili

Habari zenu ndugu. Rouladen ni mapishi ya Kijerumani: vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe vinavyojazwa, kuviringishwa na kupikwa polepole kwa mchuzi. Buchani ombeni Oberschale, nyama ya paja la ng'ombe: kipande kimoja kwa mtu, gramu 180, unene wa milimita 5. Pakeni haradali, chumvi, pilipili manga. Juu bekoni, kitunguu, tango la siki. Wasiokula nguruwe, chukueni bekoni ya bata mzinga. Kunjeni kingo za pembeni kwanza, viringisheni, fungeni kwa uzi.

Tafadhali msiharakishe kukaanga! Vichache vichache, moto mkali, hadi viwe kahawia kila upande. Mkivirundika vitatoa maji, na mchuzi utakosa rangi na ladha. Kisha mimineni supu hadi nusu ya kimo, funikeni, moto mdogo saa 1 na nusu hadi 2. Ikiwa bado ngumu, ongezeni muda, si moto.