Barry White hakuwa sauti tu

Mhariri,

Kila Siku ya Wapendanao ikikaribia, magazeti na redio humkumbuka Barry White, mwimbaji wa soul wa Marekani, kwa jambo moja: lile besi lake. Si uongo, ila anapunjwa. Huyu alikuwa prodyuza kabla hajawa nyota wa kuimba, na utamu wa nyimbo zake uanzie kutafutwa hapo.

Alizaliwa Galveston, Texas, mwaka 1944, akakulia Los Angeles. Ujanani alifungwa kwa wizi wa matairi ya Cadillac. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa akirekodi waimbaji wengine kwenye kampuni ndogo za santuri. Mwaka 1972 akawatoa Love Unlimited, mabinti watatu, mmoja wao Glodean James aliyekuja kuwa mkewe. Katika wimbo wao wa kwanza kuvuma, White anasikika kwenye simu tu. Hata nyimbo zilizomtoa alizirekodi kama sampuli ya kumpa mwimbaji mwingine, mpaka mshirika wake Larry Nunes akamng'ang'ania aimbe mwenyewe.

Albamu yake ya kwanza, ya 1973, ina nyimbo tano tu. Sikilizeni ule wa mwisho, “I'm Gonna Love You Just a Little More Baby”: ngoma zinatangulia peke yake, ala nyingine zinaingia mojamoja, kisha ndipo anaongea, na kuimba baadaye kabisa. Mtangazaji anayerusha toleo fupi, au anayerukia pale anapoongea, ameuharibu wimbo. Yale maneno yana uzito kwa sababu msikilizaji amesubirishwa.

White hakusoma nota. Alikuwa akimwimbia Gene Page, mpangaji wa muziki wake, kila sehemu kwa mdomo, naye Page anaiandikia okestra ya watu wapatao 40. Wapiga gitaa walikuwa kadhaa, akiwemo Ray Parker Jr. akiwa bado kijana, kila mmoja na kipande chake kifupi cha kurudiarudia. Fidla zinapita juu, chini kunabaki nafasi ya sauti yake.

Bendi zetu za hotelini zinapomwiga hukosea hapo hapo. Kinanda kinajaza kote, mwimbaji anajikamua mpaka anakoroma. White huongea polepole, mdomo karibu na maikrofoni, na ukaribu huo wenyewe huongeza besi. Na kumsikiliza kwenye spika ya simu, jamani, msijisumbue.

Miaka ya 1980 ilimpita kimyakimya, akarudi kileleni mwa chati ya R&B mwaka 1994, na mwaka 2000 akapata tuzo mbili za muziki za Grammy. Shinikizo la damu liliharibu figo zake; alifariki Julai 4, 2003, akiwa na miaka 58.

Februari ijayo, basi, pigeni “Love's Theme”, wimbo wa ala tupu wa okestra yake, ulioshika namba moja Marekani mwaka 1974 bila yeye kuimba hata neno. Nanyi magazetini, mkiandika jina lake, liandikeni na la Gene Page.

Wapenzi wa soul ya zamani,
Dar es Salaam