Saa zetu zihesabiwe tangu tunaposaini mfuko

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie saa za kazi za sisi tunaopeleka barua na vifurushi vijijini. Mimi ni mbeba barua wa pikipiki hapa wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka wa nne huu. Njia yangu inatoka mjini, inapita Kikorongo na Kinyamaseke, inapanda Kisinga na Kyarumba, inaishia Kyondo juu mlimani. Kampuni ninayobebea sitaitaja, kwa sababu wenzangu wa kampuni nyingine wanalia kilio hiki hiki.

Siku yangu huanza saa 12 asubuhi. Tunafungua stoo, tunasubiri gari lililosafiri usiku kucha kutoka Kampala, tunashusha magunia, tunapanga bahasha kwa njia: za Bwera huku, za Hima kule, za Kyarumba na Kyondo rundo langu. Kila kipande nakiandika kwenye kitabu cha makabidhiano: namba, jina, simu. Nasaini kwamba mfuko ni wangu, na kuanzia hapo kikipotea kitu nitalipa mimi. Ikigonga saa 3 ndipo naondoka. Saa hizo tatu za asubuhi hazihesabiwi. Msimamizi wetu anahesabu kazi kuanzia mpokeaji wa kwanza anaposaini hadi wa mwisho. Nikirudi mjini usiku nikakabidhi pesa za waliolipia mizigo mlangoni, nikaeleza kila bahasha iliyorudi imerudi kwa nini, muda huo nao hauhesabiwi.

Mita ya pikipiki yangu husoma kilomita 110 hadi 130 kwa siku. Aliye ofisini huzigawanya kwa mwendo wa pikipiki, akapata saa tatu au nne, kisha akauliza nilikuwa wapi siku nzima. Nilikuwa natafuta watu. Sehemu kubwa ya nchi yetu imezoea sanduku la posta: barua inafika mjini na mwenyewe anaifuata. Nyumba za mlimani hazina namba wala njia hazina majina. Bahasha imeandikwa jina la mtu na neno Kyondo, pengine imeongezwa "karibu na kanisa", na makanisa ni mengi. Napiga simu kwa salio langu. Mwezi uliopita nilikuwa na kadi ya benki ya mama mmoja mjane; nikipiga, anapokea kijana wa duka la kuchaji simu pale senta, maana simu ya mama iko kwake inachajiwa. Mama mwenyewe yuko shambani anachuma kahawa, ng'ambo ya korongo. Kijana akamtuma mdogo wake akamwite. Nilikaa kwenye benchi la duka lile saa nzima na dakika kumi, kwa sababu kadi ya benki haachiwi mtu mwingine. Kwenye hesabu ya ofisi, ile ilikuwa bahasha moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ililitazama jambo hili zamani. Wiki ya kazi ni saa 48. Mwajiri na mfanyakazi wanaweza kukubaliana kuongeza, lakini isipite saa 10 kwa siku wala saa 56 kwa wiki. Saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na za sikukuu iliyotangazwa na serikali mara mbili. Mtu asifanyishwe kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku ya kupumzika. Hayo yote niliyasoma kwenye nakala niliyotolewa fotokopi mjini, nikaikunja, nikaenda nayo kwa msimamizi. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Kaka, hiyo ni ya waajiriwa. Ninyi ni vibarua wa siku."

Nilirudi kusoma tena. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua akifanya kazi miezi minne mfululizo, ukibarua umekwisha. Anastahili mkataba wa maandishi na haki zote za mwajiriwa. Mimi nina miaka mitatu na zaidi. Sijawahi kupewa hata karatasi moja yenye jina langu na la kampuni pamoja, isipokuwa hicho kitabu cha makabidhiano ninachosaini kila asubuhi.

Tangu Machi nina daftari langu, naandika saa ya kuingia na ya kutoka. Nitanakili wiki moja tu, nayo haikuwa mbaya kuliko nyingine. Jumatatu saa 13. Jumanne saa 12. Jumatano saa 14, siku hiyo mvua ilifunga njia ya Kyondo. Alhamisi saa 13, Ijumaa saa 12, Jumamosi saa 9. Jumla ni saa 73. Nalipwa shilingi 12,000 kwa siku, yaani 72,000 kwa siku sita. Kwa siku ya saa nane, saa moja ni shilingi 1,500, na saa ya ziada ni 2,250. Saa zilizopita 48 ni 25. Kwa hiyo wiki ile peke yake ilikuwa na shilingi 56,250 za ziada ambazo sikulipwa. Mke wangu alizitazama hizo namba, akafunga daftari, akaliweka juu ya kabati watoto wasilichane.

Hata hivyo pesa siyo iliyonikalisha kuandika barua hii. Ni usiku mmoja wa Novemba iliyopita.

Ilikuwa inakaribia saa 2 usiku, nateremka kutoka Kyondo. Nilikuwa macho tangu saa 11 alfajiri. Mvua ilikuwa imekatika, barabara ya murram ikiteleza. Sikumbuki kusinzia, nakumbuka kuzinduka tairi la mbele likiwa tayari limeingia mtaroni. Pikipiki ililala upande, boksi la nyuma likapasuka mfuniko, na bahasha zikaenda na maji. Goti langu lilichanika, lakini nilizifuata kwanza bahasha, nikizishika moja moja kwa mwanga wa simu niliyoing'ata kwa meno. Nyumba ya karibu walisikia kishindo. Alitoka mama na mabinti zake wawili na tochi, wakashuka mtaroni na mimi. Tulipata 14. Mama akasema, "Mwanangu, lete jikoni." Akatandika turubai lake la kuanikia kahawa karibu na mafiga, tukazipanga bahasha humo kama mtu anavyopanga kahawa, tukizigeuza kila baada ya muda ukurasa usigande na mwenzake. Moja ilitoka chuo cha uuguzi, inaenda kwa binti wa Kyondo ambaye sikumkuta jioni ile. Wino ulikuwa umeondoka wote. Jina lake limebaki herufi tatu na doa la bluu. Kama namba yake nisingalikuwa nimeiandika asubuhi kwenye kitabu, kilichokuwa ndani ya jaketi langu, barua ile ingerudi Kampala haina mwenyewe, na nafasi yake chuoni ingekwenda kwa mwingine.

Kulikuwa pia na simu mpya ndani ya kasha, ikalowa. Nilikatwa shilingi 85,000. Ofisini waliniuliza kasha lilifungwa vipi na boksi lilikuwa na kufuli au halina. Hakuna aliyeuliza nilikuwa macho tangu saa ngapi.

Na huku kwetu usiku una uzito wake. Ukitoka Kikorongo unapita mbuga ya Queen Elizabeth, na jioni tembo huvuka barabara wakati wao, hawamngoji mwenye barua. Juu milimani ni watu wenyewe. Tangu shambulio la waasi la Juni 2023 kwenye shule ya sekondari ya Lhubiriha kule Mpondwe, mgeni anayebisha hodi gizani anatisha, na watu wana haki kuogopa. Mzee mmoja alisimama nyuma ya mlango akaniuliza jina langu, la baba yangu na la mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kijijini kwangu kabla hajafungua. "Mzee, shikamoo, nimeleta barua yako ya pensheni," nikamwambia mara tatu. Mkono uliotoka kusaini ulikuwa unatetemeka. Niliona aibu. Barua ya heri imegeuka kuwa hofu ya usiku, kwa sababu tu mfuko umejazwa kuliko siku inavyoweza kubeba.

Shemeji yangu anaishi Marekani, akaniambia kule posta imekuwa ikiwafikia watu huko huko mashambani tangu mwaka 1896, na kwamba mbeba barua wa kijijini hupimiwa njia yake: maili ngapi, masanduku mangapi, barua na vifurushi vingapi. Vipimo hivyo hugeuzwa kuwa saa, na mshahara hufuata saa hizo. Wapo ambao malipo yao ya ziada huanza wakipita saa 12 kwa siku au 56 kwa wiki. Mimi nimelipenda wazo la kupima njia, ila nina wasiwasi nalo. Njia ikipimwa mara moja, vifurushi vikaongezeka na kipimo kikabaki kile kile, mzigo wote unamwangukia anayebeba. Kwangu vifurushi vya watu wanaonunua vitu kwa simu vimepita barua sasa, wala havipungui. Basi ipimwe, na ipimwe tena kila mfuko unaponenepa.

Ninachoomba ni hiki. Saa zetu zianze kuhesabiwa tunaposaini mfuko asubuhi, zikome tunaporudisha kitabu. Zikifika 10, kilichobaki kilale ofisini kiende kesho, na mteja aambiwe hivyo mapema, siyo mimi nitukanwe naye kwenye simu. Zinazozidi zile za kawaida zilipwe kama sheria inavyosema. Na sisi tuliopita miezi minne tupewe mikataba.

Sheria inampa afisa kazi wa wilaya uwezo wa kuingia mahali pa kazi na kukagua. Nakala za daftari langu nimezipeleka ofisini kwake wiki iliyopita, kurasa zote tangu Machi, nikapokelewa vizuri. Namwomba hapa hadharani jambo moja zaidi: kabla ya kuita mtu yeyote kwenye meza, apande nami siku moja, kuanzia stoo saa 12 asubuhi hadi nitakapokabidhi kitabu, na saa aandike yeye mwenyewe. Kofia ngumu ya pili ninayo.

Mbeba barua,
Kasese