Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kadi ya mtoto haina mstari wa meno

Mheshimiwa Waziri,

Niwie radhi kwa kukuandikia mbele ya watu. Nimeishika kadi ya kliniki ya binti yangu, imechakaa pembeni na kukunjwa mara nne. Ina uzito aliozaliwa nao, chanjo zote na tarehe zake, hata ile siku alipolazwa kwenye ubao wa kupimia urefu akalia mpaka muuguzi akakata tamaa, akaandika mstari mtupu. Neno "jino" halimo popote. Kinywa chake kilifunguliwa mara kadhaa adondoshewe matone ya polio, na hakuna aliyetupia jicho fizi zake. Simlaumu muuguzi. Hakuna aliyemwagiza, na kadi yenyewe haikumwachia pa kuandika.

Ombi langu nalitaja mapema, maana najua barua zenu ni nyingi. Ongeza mstari wa meno kwenye kadi hiyo, na muuguzi wa chanjo afundishwe kuinua mdomo wa juu wa mtoto na kutazama. Hayo mengine nitakayoandika ni sababu zake.

Binti yangu alipokuwa na miaka saba alianza kulalamikia jino la nyuma kabisa, chini, upande wa kulia. Nikachungulia, nikaona kitundu cheusi. Nikamwambia maneno ambayo nimeyasikia tangu nikiwa mdogo: hilo la utoto, litang'oka lenyewe. Alikuwa ameng'oka meno mawili tu ya mbele, kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba yote ya nyuma ni ya utoto. Mwaka ulipopita shavu likavimba, homa ikapanda, usiku kucha hatukulala. Tulikompeleka walimng'oa. Mhudumu akaliweka jino kwenye bakuli, akaniuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza: "Mama, ulijua kwamba hili ni la ukubwani?"

Sikujua. Na nimeuliza wazazi wengi tangu siku ile, wenye elimu na wasio nayo. Wengi hawakujua.

Meno ya utotoni ni 20. Huanza kuchomoza mtoto anapokaribia miezi sita, yakakamilika akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu. Tumezoea kwamba jino la ukubwani hutanguliwa na pengo: la zamani linalegea, linatoka, jipya linafuata. Gego la kwanza la ukubwani halina adabu hiyo. Karibu na umri wa miaka sita huota nyuma ya magego yote ya utotoni, mahali palipokuwa wazi, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Hakuna dalili ya kumshtua mzazi. Linachukua miezi kutoka lote, na muda huo wote linakaa chini kuliko majirani zake, kwa hiyo mswaki unapita juu kama daraja. Uso wake una mifereji membamba ambayo unywele wa mswaki hauingii, na enameli yake, yaani tabaka gumu la nje, bado changa. Jino ambalo linatakiwa limtumikie mtu maisha yake yote linaanza kazi katika hali hiyo, mikononi mwa mtoto wa miaka sita na mzazi anayedhani ni la kutupwa.

Dawa yake ipo. Mifereji hiyo hujazwa utando wa kinga mapema, kabla haijaoza. Haihitaji sindano ya ganzi wala kuchimba, ni kazi ya dakika chache. Lakini lazima awepo mtu wa kumwambia mzazi kwamba gego limefika.

Na hata hayo ya utoto, Mheshimiwa, hili neno la "yatang'oka tu" limetugharimu. Magego ya utotoni hukaa mpaka mtoto ana miaka kumi, kumi na miwili. Likitoboka akiwa na mitatu, ana miaka saba au zaidi ya kuishi nalo. Chini yake jino la ukubwani linajengwa taratibu, na usaha wa juu unaweza kuliachia kovu kwenye enameli kabla halijaona mwanga. Likitolewa mapema mno, majirani wanasogea, na mwenye nafasi yake akija anakuta imeshachukuliwa. Mtoto wa miaka miwili naye hakwambii "jino linaniuma." Anatafuna upande mmoja, anakataa vigumu, anaamka usiku, na sisi tunamwita mdeko.

Najua jibu litakalotoka wizarani: madaktari wa meno hawatoshi. Ni kweli, na hawatatosha kesho. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria watoto milioni 514 wenye meno ya utotoni yaliyooza. Idadi hiyo haitamalizwa kwa kungoja kila mmoja afikishwe kwenye kiti cha daktari. Ila kutazama hakuhitaji daktari. Dalili ya kwanza ni mstari mweupe kama chaki, kando ya ufizi, kwenye meno ya mbele ya juu. Ya chini hufunikwa na ulimi na kuoshwa na mate; ya juu hayana mlinzi, hasa kwa mtoto anayelala na chupa yenye maziwa au kitu kitamu mdomoni, kwa sababu usingizini mate hupungua. Muuguzi akiinua mdomo ataona mstari huo kwa sekunde tano. Na ukiwa bado mweupe, uozo unaweza kurudi nyuma: apakwe vanishi ya floraidi, madini yanayoimarisha meno, chupa ya usiku iondolewe, mama aonyeshwe namna ya kupiga mswaki.

Ukishakuwa tundu haujibi tena kwa mswaki pekee, lakini hata hapo si lazima mashine. Mwaka 2021 shirika hilohilo liliingiza vitu vitatu vya meno kwenye orodha yake ya dawa muhimu: dawa ya meno yenye floraidi, saruji ya kuzibia iitwayo glasi-ayonoma, na silva diamini floraidi, kimiminika kinachopakwa kwenye tundu kuzuia uozo usiendelee. Kina aibu moja, hugeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi kabisa, kwa hiyo mzazi aambiwe kabla. Ile saruji nayo inawekwa kwa vyombo vya mkono tu, bila umeme, kwa mbinu iliyoanza kutumika Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Naomba basi tusisingizie umeme.

Kuhusu mabango ya wizara yanayohimiza mswaki, nina neno. Mtoto mchorwa huwa anapiga mswaki peke yake, dawa imejaa kutoka mwanzo wa mswaki hadi mwisho kama kwenye matangazo ya biashara. Mchoraji wako amekosea mara mbili. Mtoto chini ya miaka mitatu inatosha awekewe dawa kiasi cha punje ya mchele, na kutoka hapo hadi sita kiasi cha mbegu ya njegere. Na mkono uwe wa mtu mzima mpaka karibu miaka saba au minane, kwani kabla ya hapo mtoto anacheza na mswaki, hasafishi. Dawa yenyewe iwe na floraidi angalau sehemu 1,000 kwa milioni, na kampuni zilazimishwe kuandika namba hiyo kwa herufi ambazo mtu husoma bila miwani.

Vijana nitawagusia kidogo, si kwa kuwadharau. Gego la pili la ukubwani hutoka karibu na miaka 12, kwa mtego uleule wa ukimya, tena umri ambao hakuna anayewafungua kinywa. Wameacha kliniki ya watoto, ya wakubwa hawajaizoea. Wanatembea na vinywaji vitamu, fizi zinavuja damu wakidhani ni kawaida ya kubalehe, wengine wameanza sigara. Shule ndipo mahali pa kuwakuta. Na kila mwalimu wa michezo aambiwe jambo hili moja: jino la ukubwani likidondoka zima uwanjani, lishikwe upande wa taji, ile sehemu inayoonekana kinywani, mzizi usisuguliwe, lirudishwe kwenye pengo au litiwe kwenye maziwa, kijana afikishwe kwa daktari ndani ya saa moja. La utotoni halirudishwi.

Binti yangu sasa ana miaka 14. Gego la pili limeanza kuinamia pengo la lile lililotolewa. Mdogo wake ametimiza sita majuzi, na wiki iliyopita nilimlaza magotini nikammulika kwa tochi ya simu. Nyuma kabisa, chini, kona moja nyeupe imetoboa ufizi. Siku ya pili yake nikampeleka kuomba mifereji izibwe likishatoka. Muuguzi alitabasamu, akatafuta pa kuandika kwenye kadi, akakosa. Akaniambia nimlete litakapoanza kumuuma.

Nasubiri jibu lako,

Mama wa watoto wawili