Barua kwa shoga yangu wa Kilwa: anza na daftari

Kunduchi Mtongani,
Dar es Salaam.
Jumapili jioni.

Shoga yangu Mama Rehema,

Assalaam aleykum. Barua yako niliifuata mwenyewe Mbagala Rangi Tatu, kondakta akanikabidhi pamoja na kifurushi cha korosho. Nilipofika pale unaposema simu imekuponyoka ukiwa mtumbwini na sasa inasoma maji ya Kilwa, nilicheka peke yangu stendi hadi mama ntilie akaniuliza kama nimeshinda kitu. Pole sana. Ila nisiwe mnafiki, nimefurahi. Ni lini mara ya mwisho tuliandikiana kwa mkono? Korosho ahsante, lakini Kunduchi hazikufika. Foleni ya Mwenge unaijua.

Huku hatujambo. Mguu wa mama unaendelea vizuri, na yule mtoto wetu mdogo sasa anabishana.

Unaniambia kikundi kimefika watu kumi na wanane, mmepanda mikoko bamvu mbili mfululizo, yaani maji makubwa mawili, na sasa mnatafuta mfadhili. Halafu ukaniuliza mambo matatu kwa pumzi moja: andiko la mradi linaandikwaje, tuombe kwa nani, tuombe shilingi ngapi. Nitaanza na la mwisho, maana ndilo lililotuumiza sisi wa kikundi cha mikoko cha Kunduchi.

Ruzuku yetu ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko sisi. Jina la mfadhili naliacha, alikuwa na nia njema, na kosa tulilishirikiana. Sharti lake lilikuwa miche elfu kumi ardhini kabla mwaka wake wa fedha haujafungwa. Sisi kina mama wa sokoni, wavuvi wachache na vijana wawili wa bodaboda, tukasema tutaweza. Elfu kumi shoga! Huku nyuma, kwenye mashamba ya chumvi ya zamani na pale watu walipokuwa wakikata kuni za kukaangia samaki, kazi yake ni ngumu, unachimba, unarekebisha njia ya maji. Mbele kule kwenye tope lililo wazi, maji yakitoka, mtu anachomeka mia mbili kwa asubuhi moja. Basi tukaenda mbele.

Wewe umezaliwa na bahari, najua tayari umeshika kichwa. Mbegu tulizookota ni za mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayosimama juu ya tope kama miguu, mbegu ndefu za dhiraa moja ambazo ukizichomeka tu zinasimama. Kule mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, ni makazi ya mlilana, jamii nyingine ya mikoko. Mkoko unakaa nyuma yake. Mzee mmoja mvuvi alitusimamia akiwa na wavu begani akatuambia hivyo hivyo. Tukamjibu "sawa mzee" tukaendelea kuchomeka, kwa sababu mpiga picha alikuwa amekuja na fulana zilikuwa zimeshachapishwa.

Baada ya miezi saba nilikwenda kuhesabu na binti yangu. Vile vigamba vikali vinavyong'ang'ania mbao za mitumbwi vilikuwa vimeivaa miche toka chini hadi juu, mche mwembamba kama kidole umebeba uzito wa jiwe. Mingine imelazwa na mwani, mingine imenaswa na kandambili na chupa. Hai tulipata 412. Nikarudi nyumbani, nikafungua fomu ya ripoti. Kulikuwa na kisanduku cha "idadi ya miche iliyopandwa". Cha miche iliyo hai hakikuwepo. Nikaandika 10,000. Sikusema uongo, na mpaka leo namba ile inanikera kama mwiba wa samaki kooni.

Kwa hiyo ukiniuliza muombe kiasi gani, nitakuuliza nyie mnaweza kutunza miche mingapi kwa miaka miwili. Anzia hapo, urudi nyuma kwenye shilingi. Ruzuku yetu ya pili ilikuwa kama robo ya ile ya kwanza. Zaidi ya nusu tuliiombea mambo yasiyopendeza kwenye picha: watu wa kupita kila baada ya bamvu kuondoa takataka, kupandikiza palipokufa, nauli, buti, kuzibua mfereji ili maji yaingie tena kwenye shamba la chumvi. Ukifungua maji, mbegu nyingine zinakuja zenyewe, hulipi hata senti. Nilidhani watatukatalia. Afisa wao alinipigia akauliza swali moja tu: mnajuaje kwamba itahitajika siku hizi zote za kazi? Nikamwambia tunalo daftari.

Sasa daftari. Hili nakuomba ulisome taratibu.

Letu ni counter book la kawaida, la kurasa mia tatu kitu. Jalada limevimba kwa chumvi, na ukilinusa utadhani ni ng'onda. Kila siku ya kazi ukurasa mmoja. Juu tarehe, na hali ya maji, bamvu au maji mafu. Kisha majina, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kila mtu anatia saini yake. Bibi mmoja wa kwetu hakusoma, anatia dole gumba, na kwa kuwa wino ulikuwa unatusahaulika anatumia tope lenyewe. Nina kurasa tele zenye kidole cha tope. Chini ya majina tunaandika tulichofanya, tulichotumia, na waliokuja kutuangalia. Kila mwezi tunahesabu miche kwenye mistari mitano ileile, ya hai na ya wafu.

Nilipoanza ilikuwa ni kumaliza ugomvi wa nani kaja na nani hakuja. Kumbe wafadhili wengi wanataka kuona na nyie mmeweka nini mezani, na nguvukazi yenu inahesabiwa. Siku moja ya mtu mmoja ina bei yake pale kijijini kwenu. Ukizidisha kwa majina yaliyomo daftarini, unakuta kikundi cha watu maskini kimechangia mamilioni. Ila bila daftari hayo mamilioni ni maneno tu. Nyie mmepanda bamvu mbili na hamkuandika jina hata moja, sivyo? Nakujua. Kaeni leo mkumbuke mnayoyakumbuka, na kuanzia kesho andikeni.

La kwa nani. Kwanza tenganisha ruzuku na mkopo, maana huko kwenye vikao watu wanavichanganya. Ile asilimia kumi ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, iliyositishwa 2023 ikarudi 2024, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Ukiuchukua kwa mizinga ya nyuki humo mikokoni, sawa, asali itaulipa. Ukiuchukua kwa kupanda miche utaulipa na nini?

Kwa ruzuku hasa, mlango ninaoujua vizuri ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, ule Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Ilianza 1992, inaendeshwa kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na imeundwa kwa ajili ya vikundi kama vyetu, pesa inakuja kwa kikundi moja kwa moja. Wanaoamua ni kamati ya humu humu nchini, na wengi wa wajumbe wake si wa serikali. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 50,000 kwa mradi mmoja, lakini usiione namba hiyo ukapagawa. Omba ya kwenu. Hawapokei maombi kila siku, wanatangaza, kwa hiyo andiko liwe tayari kabla ya tangazo.

Wa pili ni Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002. Mikoko kisheria ni msitu, na ni msitu wa hifadhi. Ndiyo maana kabla ya pesa yoyote nataka muwe na barua ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwamba wanawafahamu na wamewaruhusu kufanya kazi humo, na barua ya serikali ya kijiji, na ya BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ya hapo pwani. Nimeona kikundi kimekosa ruzuku kwa kukosa karatasi moja ya TFS, wakati ofisi yao iko umbali wa bodaboda ya buku mbili.

Kuna mifuko mingine ina eneo lake. Ule wa Milima ya Tao la Mashariki wenye ofisi Morogoro ni wa milima, jina linajieleza, ila kila mwaka kuna mtu wa pwani anapoteza wiki mbili kuuandikia. Soma kwanza ramani yao, ndipo ushike kalamu.

Na watu watakuambia habari za hewa ukaa, kulipwa kwa kaboni inayofyonzwa na miti, kwamba mikoko ni dhahabu. Ni kweli wenzetu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, wanauza kaboni ya mikoko yao tangu 2013 hivi, hekta 117, na pesa imeleta maji ya bomba na vitabu shuleni. Lakini nyuma yao kulikuwa na watafiti waliopima miti ile miaka na miaka. Mgeni akija na mkataba wa kaboni wa kusainiwa Ijumaa, mpe chai, msisaini. Heri mwende mkawaulize wa Kikole na Kisangi, hapo hapo wilayani kwenu, ambao misitu yao ilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha utunzaji bora wa misitu, mwaka 2009. Hao ni majirani, watawaambia na yale machungu.

Andiko lenyewe sasa, kwa ufupi, kwa sababu si gumu kama linavyosemwa. Muwe na cheti cha usajili kutoka halmashauri, katiba, akaunti ya benki yenye watia saini watatu (wasiwe ndugu, nakuomba), na muhtasari wa kikao kilichokubali mradi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawasaidia bure, ndiyo kazi yake. Kisha elezeni tatizo la sehemu mnayoweza kuifikia kwa miguu. Sisi mara ya kwanza tuliandika kurasa tatu juu ya mabadiliko ya tabianchi duniani na mistari miwili juu ya Kunduchi.

Kuna kijana mmoja mwenye kompyuta atakuja. Huwa anakuja tu. Atasema yeye ni mtaalamu wa maandiko na anachukua asilimia kumi ruzuku ikitoka. Sisi wa kwetu alichukua mia mbili elfu kabla, akatuletea andiko la kikundi cha Shinyanga lenye ng'ombe ndani yake. Alisahau kufuta ng'ombe, shoga. Mikoko na malisho.

Lingine ambalo hakuna aliyetuambia ni kwamba pesa haiji yote. Inakuja kwa awamu, na kipande cha mwisho kinatoka baada ya ripoti ya mwisho. Maana yake miezi ya mwisho mnafanya kazi kwa mifuko yenu mkisubiri. Sisi tuliokolewa na kibubu cha kikundi, na bado mimi na mwenyekiti hatukusemeshana wiki tatu. Hiyo nayo iwekeni kwenye hesabu mapema.

Na risiti. Utanunua buti na majembe dukani, utapewa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, vizuri. Lakini mwenye mtumbwi aliyewavusha, na watoto walioleta vikapu vya mbegu, hawana mashine. Ruzuku ya kwanza nilitoa laki tatu na nusu hivyo, kwa uaminifu kabisa, na mkaguzi akazikataa zote. Nililia kwenye daladala. Siku hizi natembea na hati za malipo nimezichapa mapema: jina, kazi, kiasi, tarehe, saini au dole, na shahidi mmoja. Uliza mfadhili kwanza kama anazikubali, akubali kwa maandishi, usije ukadaiwa mtumbwi.

Umeniuliza pia kama ruzuku ya pili imefanikiwa. Ijumaa iliyopita tulikuwa mstari wa tatu, ule ulio karibu na mfereji. Miche 600 tuliyopanda huko, 431 iko hai, mingine imenifika kiunoni. Katikati yake pameota michu, mikoko ya aina nyingine, ambayo hakuna aliyeipanda, na kaa wameshachimba. Yule mzee wa wavu alipita akaangalia, akasema "Hapa sasa mmeuliza." Ni mtu wa maneno machache.

Nakuletea daftari jipya kwa basi la Jumanne alfajiri. Nimelipigia mistari kurasa kumi za mwanzo ili uone mpangilio, na ndani nimeweka hati za malipo hamsini na penseli sita. Usitumie kalamu ya wino, maji ya chumvi yanaufuta. Nimelifunga kwa kipande cha turubai, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na sitaki mweka hazina wa mikoko akamatwe Rangi Tatu.

Kondakta umpe elfu mbili. Ameshaniuliza korosho zilikuwaje.

Shoga yako,
Bi Mweka Hazina