Mwizi wa kuchekesha naye awe na msimamo

Mhariri,

Filamu nyingi za vichekesho vya wizi zinazoonyeshwa kwenye vibanda umiza vya huku Mtwara zina kasoro ileile: mhusika hana anachokitaka. Anapandisha suruali mpaka kifuani, anakodoa macho, anaanguka, basi. Mwanzoni watu wanacheka. Filamu ikifika katikati kila mtu yuko kwenye simu.

Mtazamaji humfuata mtu mwenye shida ya kweli na tabia asiyoweza kuiacha hata ikimponza. Chukueni wizi wa korosho, ambao hapa hauhitaji maelezo. Wezi watatu wako ghalani usiku, lori limezima taa nje. Mmoja ni karani wa mizani aliyestaafu, asiyevumilia kipimo pungufu. Anagoma kupakia gunia lisilotimia kilo 80. Analirudisha kwenye mizani, anaongeza viganja viwili vya korosho, anatoa sindano na kulishona upya. Kiongozi wao anatetemeka kwa hasira, na kupaza sauti hawezi. Hakuna aliyetoa utani hapo, lakini ukumbi utacheka, maana mzee anatenda haki katikati ya wizi.

Kituko hicho hakishiki kama hakikuandaliwa. Tabia ionekane mapema, walau mara mbili, tena kwenye mambo madogo: anarudisha fungu la dagaa kwa kuwa limepungua, anahesabu chenji mara ya pili. Ikizuka ghalani tu, itaonekana imepachikwa. Na wezi watatu wanatosha! Wakiwa saba, kila mmoja anaambulia sentensi mbili na hakumbukwi hata mmoja.

Kinachotuuma zaidi ni polisi kufanywa mjinga. Mpelelezi mzembe anaua hofu, na wezi wasipoogopa kukamatwa, kuhangaika kwao hakuchekeshi. Apewe akili. Tungefurahi kumwona mpelelezi mwanamke, mpole, asiyemkatiza mtu kauli, na wezi wanalowa jasho kila akisema "endelea, baba, nakusikiliza."

Mwigizaji asicheke mbele ya kamera. Hayati King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alivunja watu mbavu huku amekunja uso, akishikilia lake kama mzee mbishi wa mtaani. Anayehariri picha naye asiwe na haraka: neno zito likishatoka, abaki kwenye uso wa anayesikiliza sekunde mbili au tatu. Na ile milio ya kinanda inayowekwa kila mtu akiteleza iondolewe, inamlazimisha mtazamaji kucheka kabla hajaona cha kuchekea.

Wapenzi wa filamu,
Shangani, Mtwara