Barua kwa mwanangu: huyo mtoto asije akanunua marafiki huko Ukerewe

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Mesej yako ya jana usiku nimeisoma, kwamba uhamisho umetoka na kituo ni Ukerewe na unatakiwa uripoti kabla shule hazijafunguliwa. Baba yako kafurahi mno, kila anayepita anamwambia binti yangu anaenda kufundisha visiwani. Mimi pia nimefurahi, nakwambia kweli, ila usingizi ulipaa pale uliposema "huyu mtoto hana shida mama, siku ya kwanza tu atakuwa na marafiki". Ningekupigia lakini kwenye simu kila nikifika kwenye jambo lenyewe unaniambia mtandao unakata, basi naandika, utasoma kwenye meli, mpaka bandari ya Nansio huko kisiwani ni masaa, utakuwa na muda.

Sibishi kwamba atapata marafiki. Naogopa atawapataje.

Alipokuja likizo hapa Mwanza, Kirumba, kuna jioni moja sikukusimulia yote, ulikuwa na mitihani ya kusahihisha. Watoto wa huku juu kwenye mawe walikuwa wanacheza mpira, ule wa manailoni wa kufunga na kamba, mimi niko mlangoni nachambua dagaa. Namuona mume wangu, huyo mwanao, anawafata na andazi lake mkononi, akalimega akawagawia, likaisha yeye hajaonja. Nikasema sawa, mkono mwepesi kama wa babu yake. Mara mpira ukateremka kule kwenye mfereji, wakamwambia wewe kafate, akafata. Ukateremka tena, kafate. Wenzake wanacheza yeye kazi yake kushuka na kupanda yale mawe, magoti yamechubuka, na mpaka inaadhiniwa magharibi hajapiga huo mpira hata mara moja. Nikamwita nimuoshe miguu, nikamuuliza mbona wewe huchezi? Akanijibu kwa furaha kabisa, "Bibi mimi ndo rafiki yao, wananituma."

Sasa huyo ndio unampeleka sehemu hajui mtu. Hapa alikuwa na binamu zake na anajulikana ni mjukuu wa nani, bado alikubali kuwa mtu wa kuokota mpira. Huko atakuwa mgeni, na mtoto mgeni anayetafuta wa kucheza naye anakubali kila kitu mwanangu. Kila kitu.

Najua utasema mama wewe na awali yako. Ndio, nimefundisha darasa la awali na nimeyaona haya kila Januari. Mtoto wa miaka sita ukimuuliza kwa nini fulani ni rafiki yako atakwambia ana kalamu za rangi, au tunakaa dawati moja, basi. Saa nne "sichezi na wewe tena", saa nne na nusu wanagawana muwa. Hiyo sio tabia mbaya, ndio umri wenyewe, na akija analia fulani kasema sio rafiki yake usikimbilie kwa mzazi mwenzio, subiri kesho uone. Mambo ya kuaminiana na kukumbukana mtu akiumwa yanaingia taratibu wakifika huko miaka minane, tisa. Kwa hiyo usimkalishe umpe semina ya rafiki wa kweli ni yupi, ataitikia ndio mama na asishike hata neno. Yeye anashika kinachoonekana kwa macho. Muulize ukianguka nani anasimama? Siku huna kitu mkononi nani anakuita? Ukisema sasa zamu yangu, wanakupa? Hayo anayaweza. Mimi nilimuuliza hilo la zamu usiku ule ule, akanyamaza, anakunja kona ya shuka, halafu akasema "mimi huwa sisemi zamu yangu". Unaona tatizo lilipo. Hajui kama inaruhusiwa kusema.

Na hapa nitakugusa hata kama utanuna. Kila siku unamwambia gawa, mpe mwenzio, usiwe mchoyo, hata kama anatafuna kipande cha mwisho unamwambia mega. Ni malezi mazuri, sijakataa, ndivyo tulivyokulea. Lakini hajawahi kukusikia ukimwambia hiki ni chako na ukitaka unaweza kukataa na bado wewe ni mtoto mzuri. Akikataa tu unamtolea macho. Basi akili yake imeweka kwamba mtu anapendwa kwa kutoa. Anza naye sasa hivi kabla hamjaondoka, chukua vizibo vya soda mcheze wewe ukiwa yule mtoto mbabe, mwambie "nipe vyote la sivyo sichezi na wewe", umfundishe kujibu "nakupa kimoja, vingine vyangu", umuoneshe kwamba akijibu hivyo dunia haipasuki. Ukinuna kidogo halafu ukarudi kucheza ndio vizuri zaidi, ataona mtu anaweza kununa na akarudi. Rudia mpaka aseme bila kukuangalia usoni.

Kwa nini nakazania hili mpaka unachoka. Ni ziwa, mwanangu. Andazi akigawa andazi limekwenda, haina neno. Huko ni kisiwa, ziwa liko kila upande, na watoto wa huko wanaogelea toka hawajaota meno, hawana kosa, ndio kwao. Siku watamwambia twende, na yeye hajui kuogelea, na watamwambia neno lile lile, usipokuja wewe sio mwenzetu. Yule aliyeshuka mfereji wote kwa ajili ya mpira ataacha kwenda? Mamba wapo, viboko wapo, na penye kina kifupi penye majani ndio kuna konokono wa kichocho, vile vijidudu havihitaji hata kidonda, vinapenya ngozi nzima mtoto amesimama tu anacheka na wenzake, baadaye ndio tumbo na choo cha damu. Ukerewe kichocho kipo sana, hilo unalijua, siku ya kugawa dawa shuleni na yeye ameze kama wenzake usije ukasema mtoto wa mwalimu hachezei maji. Sasa ukimwambia tu usiende ziwani, ataenda, maana wewe unakataza na rafiki anaita na rafiki yuko pale. Mpe maneno ya kusema. "Mi siogelei, nawashikia nguo huku juu." Au "mama kanisubiri." Na ajue kwamba rafiki atakayemwambia haya baki hapo tunarudi, huyo ndio wa kumleta nyumbani ale. Anayemsukuma wa nini.

Halafu kuna hili la yeye kuwa mtoto wa mwalimu, sijui kama umelifikiria. Wengine watamsogelea wakitegemea kitu, wengine watamkimbia, na wote watamwambia usimwambie mama yako. Akisema ataitwa mbea, asiposema ndio hatari yenyewe. Mtenganishie mapema, kuna kusema ili mwenzio achapwe na kuna kusema ili mwenzio asiumie. Fulani kachora ukutani, hilo anaweza kukaa nalo. Fulani anazama, fulani katulazimisha kuvua nguo, fulani mkubwa kanishika, hilo halina siri, hata kama kaapishwa, hata kama kapewa pipi. Siri nzuri ni ya zawadi, ina siku yake ya kutoka. Na mtu mzima anayetaka awe rafiki yake yeye peke yake bila wewe kujua huyo sio rafiki, mwambie hivyo hivyo bila kuzunguka. Namba ya 116 ya watoto ni bure, iandike ukutani, na darasani kwako pia.

Lakini na wewe usimgeuze mpelelezi wako. Usije ukamuuliza jioni nani alipiga kelele nilipotoka, nani kanisema. Siku wenzake wakijua anakuletea habari hatapata wa kukaa naye, na kosa litakuwa lako sio la watoto wa watu. Na maswali ya una marafiki wangapi yaache. Muulize leo mmecheza nini, nani alikuchekesha, nani alikaa peke yake. Hili la mwisho usilisahau, maana kumfundisha rafiki mzuri ni nani bila kumfundisha yeye awe rafiki mzuri ni kazi nusu. Kwa kuwa huyo mume wangu nampenda simfichi, yule binti wa mpangaji wa chumba cha uani, mwenye kigugumizi, mwanao alimfungia mlango hapa akasema wewe huwezi kuongea hutuwezi. Alijifunza kwa wale wale wa kwenye mawe. Nikamwambia samahani yako siitaki bado, nenda kafungue mlango, mpe nafasi ya kwanza kurusha. Samahani wanaitamka haraka kama kuhesabu moja mbili, lakini kurudisha nafasi aliyomnyima mwenzie kulimkaa. Kesho yake alienda kumwita mwenyewe.

Lugha nayo. Shuleni Kiswahili, sawa, ila kwenye kucheza watoto wa huko watachanganya Kikerewe na Kijita na yeye kaenda na Kiswahili chake na maneno mawili ya Kisukuma aliyofundishwa na babu. Watamcheka. Kucheka kwenyewe hakuna shida, watoto wanacheka. Mwambie aangalie atakayecheka halafu akamwambia inavyosemwa. Huyo amshike. Na hata kama ni mtoto wa mvuvi anakuja miguu peku na ananuka samaki, tafadhali usimwambie tena achana na yule sio wa saizi yako, nilikusikia ukimwambia hivyo kule mjini kuhusu yule mtoto wa muuza mkaa, na mtoto alikuwa anakuangalia. Ukimchagulia kwa kuangalia nguo atachagua kwa kuangalia kalamu za rangi, na hutakuwa na la kumwambia. Unataka kumjua mtoto anayecheza na mwanao, mlete ndani ale ugali na nyie, kwenye sahani moja utaona kila kitu, nani anabakiza mboga kwa mwenzie na nani anavuta nyama zote upande wake.

Na wewe mwenyewe ndio unanishangaza, maana mtu aliyesimama upande wa yule rafiki yako kidato cha pili wakati shule nzima imemgeuka ni wewe. Sirudii habari yake, unaijua, na jina lake bado linatajwa hapa nyumbani kwa wema. Hukufundishwa na mtu. Mtoto anaweza kuwa na moyo huo huo ila aone ukitumika. Huko usijifungie ndani na simu, tafuta na wewe mtu wa kumpelekea chumvi, mtoto akuone unagonga mlango, unaambiwa leo nina kazi na unarudi bila kununa.

Simalizi kusema, nimeona wino wenyewe wa simu unakaribia kuisha, chaji ni asilimia ndogo na umeme umekatika toka saa tisa.

Mambo ya hapa. Baba yako presha imetulia ila vidonge vya mwezi huu havitoshi, mwambie kaka yako asitume kwa mafungu mafungu, atume mara moja. Yule tetea mweusi kaangua, vifaranga wamepona saba, mwewe kachukua mmoja. Paa la jikoni bado linavuja pale pale, fundi anasema bati mbili, mimi nasema aje apande aone kwanza. Michembe, vile viazi vya kukausha, nimekuwekea kwenye kiroba cheupe na dagaa wa Mwaloni kwenye ndoo yenye mfuniko, wamekauka vizuri, usiweke kiroba juu ya ndoo watasagika. Najua unakoenda dagaa wapo, hawa wa kwangu nimechambua mwenyewe na hawana mchanga. Godoro dogo usinunue huko, la mume wangu lipo hapa, mlichukue mkipita, na meli ukikata tiketi ulizia kabisa mzigo unalipiaje usije ukasumbuliwa gatini na mtoto mkononi.

Mkipita mlale hapa, sio kuunganisha kutoka stendi mpaka bandarini kama wapita njia. Nataka jioni moja na yeye. Yule binti wa uani ameshaanza kuulizia atakuja lini, na mpira wa kweli nimemnunulia, ila sitampa mpaka nimsikie anasema zamu yangu.

Wako,
Mama